Sahihi chini ya imani: Jinsi makanisa ya Kiprotestanti yanavyotumia maungamo kulinda mafundisho

Katika Kiswahili cha kanisani neno ungamo lina maana mbili. Muumini huungama dhambi zake, na kanisa huungama imani yake. Maana hii ya pili ndiyo iliyozaa maandishi: waraka uliopitishwa na mkutano wa kanisa, wenye vifungu vilivyohesabiwa, unaoeleza kanisa hilo linaamini nini kuhusu Mungu, dhambi, wokovu, sakramenti na utawala wa kanisa, na mara nyingi linakataa nini. Makanisa yaliyozaliwa na Matengenezo ya karne ya 16 yana nyaraka za aina hii kwa makumi. Nyingine huitwa maungamo, nyingine makala za dini, na nyingine ni makatekisimo, yaani mafundisho yaliyopangwa kwa maswali na majibu. Kazi yake kama kipimo ni moja: mahubiri ya mchungaji, masomo ya chuo cha theolojia na maamuzi ya sinodi hupimwa kwayo.

Waraka wenyewe hauwezi kumshika mtu mkono. Nguvu yake hutoka kwa anayeapa au kutia sahihi chini yake. Ndiyo maana historia ya maungamo ya Kiprotestanti, kwa sehemu kubwa, ni historia ya sahihi: nani atie, kwa maneno gani, na afanyweje akija kuikana.

Alasiri moja Augsburg

Sahihi mashuhuri kuliko zote zilitiwa na watawala, si wachungaji. Mwaka 1530 Kaisari Karl V aliitisha baraza la dola katika mji wa Augsburg, Ujerumani. Waturuki walikuwa wameuzingira mji wa Vienna mwaka mmoja nyuma, na Kaisari aliwataka wakuu wake wamalize ugomvi wa dini ili wawe kitu kimoja. Martin Luther hakuweza kufika. Tangu mwaka 1521 alikuwa amepigwa marufuku na dola, hivyo aliachwa katika ngome ya Coburg akifuatilia mambo kwa barua. Kazi ya kuandika ikamwangukia Philipp Melanchthon, mwalimu wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Wittenberg.

Tarehe 25 Juni, alasiri, Christian Beyer, chansela wa Saxony, alisimama mbele ya Kaisari akasoma waraka huo kwa Kijerumani. Usomaji ulichukua saa mbili hivi. Waraka ulikuwa na vifungu 28: 21 vya kwanza vilieleza imani, na 7 vya mwisho vilitaja desturi ambazo makanisa hayo yalikuwa yamezirekebisha, kama vile kuwanyima waumini kikombe na kuwakataza mapadri kuoa. Chini yake kulikuwa na majina ya wakuu saba na ya miji miwili, Nuremberg na Reutlingen.

Siku ile Ungamo la Augsburg lilikuwa utetezi wa washtakiwa. Haikuchukua miaka mingi likawa mpaka. Mkataba wa amani wa mwaka 1555 uliwapa ulinzi wa kisheria watawala waliolishika, na wafuasi wa Calvin wakabaki nje ya ulinzi huo. Kila neno likawa na uzito. Tayari mwaka 1540 Melanchthon mwenyewe alikuwa ametoa toleo lililolegeza kifungu cha 10 kuhusu Chakula cha Bwana, ili watu wengi zaidi waweze kulikubali. Walutheri wenye msimamo wakaona mlango umeachwa wazi. Ndiyo sababu katiba nyingi za makanisa ya Kilutheri hutaja Ungamo la Augsburg "lisilobadilishwa". Tarehe 25 Juni 1580, miaka 50 kamili baada ya alasiri ile, ungamo hilo lilitolewa upya ndani ya Kitabu cha Mapatano, pamoja na maandiko mengine ya Kilutheri.

Hata hivyo Walutheri wote hawakukipokea kitabu hicho chote. Denmark na Norwei zilitosheka na imani za kale, Ungamo la Augsburg na Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba, muumini wa kawaida hukutana na urithi huu kupitia katekisimo hiyo ndogo, anapojiandaa kwa Kipaimara.

Kanuni chini ya kanuni

Swali huulizwa mara kwa mara: makanisa yaliyoachana na Roma kwa hoja ya Biblia peke yake yanahitaji waraka mwingine wa nini? Jibu la Waprotestanti ni ngazi ya mamlaka. Juu kabisa yako Maandiko Matakatifu. Chini yake ziko imani za kale, kama Imani ya Mitume na ya Nikea. Chini zaidi ndipo linapokaa ungamo, likiwa muhtasari wa yale ambayo kanisa linasadiki kuwa ndiyo mafundisho ya Maandiko. Wanatheolojia husema Biblia ni kanuni inayopima, na ungamo ni kanuni iliyopimwa. Vikigongana, kinachorekebishwa ni ungamo.

Waandishi wenyewe walilisema jambo hili wazi. Ungamo la Scotland la mwaka 1560 liliandikwa kwa siku nne na wachungaji sita, wote wakiitwa John, mmoja wao akiwa John Knox. Katika dibaji walimwomba msomaji yeyote atakayeona kifungu kinachopingana na Neno la Mungu awaandikie, nao wakaahidi kumjibu kwa Maandiko au kurekebisha kosa. Ungamo la Westminster lilikamilishwa mwaka 1646 na baraza lililoitishwa na Bunge la Uingereza, nalo katika sura zake 33 linakiri kwamba mabaraza ya kanisa yanaweza kukosea, na kwamba mengi yamekosea.

Lakini ikiwa ungamo linaweza kukosea, anayelitilia sahihi anaahidi nini hasa? Hapa maneno mawili ya Kilatini yamewagawa Waprotestanti kwa karne nyingi. La kwanza ni *quia*, "kwa sababu": nalikubali ungamo hili kwa sababu linapatana na Neno la Mungu. La pili ni *quatenus*, "kwa kadiri": nalikubali kwa kadiri linavyopatana na Neno la Mungu. Sahihi ya kwanza inambana mtu. Amekwisha kulinganisha, na ametosheka. Ya pili inamwachia nafasi ya kuchagua vifungu kimyakimya. Wapinzani wake husema kwa maneno hayo mtu anaweza kutia sahihi chini ya kitabu chochote duniani. Watetezi wake hujibu kwamba Mprotestanti hana haki ya kuahidi zaidi ya hapo kwa maandishi ya binadamu.

Mchungaji mwenye shaka

Waliojenga utaratibu wa sahihi kwa makini kupita wengine ni Wareformati, yaani wafuasi wa Calvin, wa Uholanzi. Ungamo lao la kwanza lilizaliwa katika mateso. Mwandishi wake, Guido de Brès, alikuwa mchungaji wa waumini waliokutana kwa siri katika nchi zilizokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Usiku mmoja wa Novemba 1561, furushi lenye ungamo hilo la vifungu 37 lilirushwa juu ya ukuta wa ngome ya Tournai, pamoja na barua ya kumwambia mfalme kwamba watu hawa si waasi. De Brès alinyongwa mwaka 1567. Kwa ungamo lake makanisa ya Uholanzi yaliongeza Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563, kisha kanuni za Sinodi ya Dort ya mwaka 1618 na 1619. Nyaraka hizo tatu huitwa Misingi Mitatu ya Umoja.

Sinodi ya Dort iliitishwa kwa sababu ya kundi la wachungaji waliopinga fundisho kwamba Mungu aliwachagua wateule wake tangu awali bila kuangalia imani watakayokuwa nayo. Ilipomalizika, wachungaji wapatao 200 wa kundi hilo walikuwa wamevuliwa nafasi zao. Ili ugomvi usirudi, sinodi ikatunga fomu ya sahihi kwa watumishi wa kanisa.

Fomu hiyo inaonyesha mashine inavyofanya kazi. Anayetia sahihi anatamka kwamba anaamini kwa moyo kuwa vifungu vyote vinapatana na Neno la Mungu. Anaahidi kuvifundisha, kuvitetea na kupinga makosa yanayokwenda kinyume navyo. Halafu inakuja sehemu ya shaka. Akipata wazo linalotofautiana na mafundisho hayo, hatalihubiri wala kuliandika. Atalipeleka kwanza kwenye baraza la wazee, kisha kwenye vikao vya juu hadi sinodi, na atakubali uamuzi wao. Vikao navyo vikiwa na sababu ya kumshuku, vinaweza kumtaka ajieleze wakati wowote. Akikataa, anasimamishwa kazi papo hapo. Shaka yenyewe haikuhesabiwa kosa. Kosa ni kuipandisha mimbarani kabla haijapita vikaoni.

Muumini wa kawaida hakutakiwa kutia sahihi. Yeye alifikiwa kwa njia nyingine. Maswali 129 ya Katekisimo ya Heidelberg yaligawanywa katika Jumapili 52, na mchungaji alipaswa kuhubiri fungu moja katika ibada ya mchana, mwaka baada ya mwaka. Aliyezaliwa katika kanisa hilo akaishi miaka 50 angeweza kuyasikia mafundisho yote makumi ya mara bila kuusoma waraka wenyewe.

Upande wa pili wa Atlantiki, Wapresbiteri walitafuta njia ya kati. Tarehe 19 Septemba 1729, sinodi iliyokutana Philadelphia ilikubali kwamba kila mchungaji alipokee Ungamo la Westminster katika mambo yote ya lazima. Mwenye kifungu kinachomkwaza akitaje hadharani mbele ya wenzake, nao waamue kama kinagusa kiini cha imani au ni cha pembeni. Alasiri ya siku hiyohiyo wachungaji wenyewe walitaja kikwazo chao: sehemu za sura ya 20 na ya 23 zinazompa mtawala wa serikali mamlaka juu ya sinodi na uwezo wa kuwaadhibu watu kwa ajili ya dini. Mwaka 1788 Wapresbiteri wa Marekani wakaziandika upya sehemu zinazohusu mamlaka ya mtawala.

Ungamo linapofika mahakamani

Makali ya kipimo huonekana pale mtu anapopimwa akaonekana amepungua. Mwaka 1831 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland ulimvua uchungaji John McLeod Campbell kwa kufundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote. Ungamo la Westminster lilieleweka kusema kwamba alikufa kwa ajili ya wateule. Campbell alijitetea kwa Maandiko. Waamuzi wakampima kwa Ungamo. Kanuni iliyopimwa ilikuwa imechukua kiti cha kanuni inayopima, na wengi waliofuata walikumbuka jina lake kila mara mjadala wa sahihi ulipofufuka.

Kesi iliyotikisa zaidi ilihusu mali. Kanisa Huru la Scotland lilijitenga na kanisa la taifa mwaka 1843. Mwaka 1892 lilipitisha tamko lililolegeza namna ya kulielewa Ungamo la Westminster, hasa kuhusu wateule, na mwaka 1900 walio wengi wakaungana na kanisa jingine la Kipresbiteri. Wachache, ambao ngome yao ilikuwa katika Nyanda za Juu, walikataa wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: fedha na majengo vilitolewa kwa ajili ya kanisa lenye imani fulani, nasi ndio tuliobaki na imani hiyo. Tarehe 1 Agosti 1904 Baraza la Malodi, mahakama ya mwisho ya rufaa, likawapa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 2. Kikundi kidogo kikajikuta na makanisa, nyumba za wachungaji na vyuo ambavyo hakikuwa na watu wa kuvijaza. Bunge lililazimika kutunga sheria mwaka 1905 ili mali igawanywe upya.

Funzo la kisheria lilikuwa zito: kanisa linaloweka mali chini ya ungamo bila kujiachia haki ya kulirekebisha linaweza kupoteza mali hiyo kwa siku moja. Kanisa la Scotland lilijifunza. Sheria ya mwaka 1921 ilitambua haki yake ya kuamua mambo ya imani bila kuingiliwa na serikali. Ungamo la Westminster likabaki kipimo chake kikuu kilicho chini ya Biblia, huku uhuru wa maoni ukitambuliwa katika mambo yasiyogusa kiini cha imani. Kiini hicho chenyewe hakikuorodheshwa.

Wasiotaka ungamo

Si Waprotestanti wote waliokubali utaratibu huu. Wabaptisti waliandika maungamo mengi, likiwemo la London la mwaka 1689, lakini kwao kila ushirika hujitawala, na wengi wao huyaona kama maelezo ya imani kuliko kiapo. Mfano wa Wapentekoste unafundisha zaidi. Assemblies of God ilipoanzishwa Hot Springs, Arkansas, mwaka 1914, waanzilishi walisema hawataki kutunga imani yoyote, Biblia inatosha. Ndani ya muda mfupi likazuka kundi lililokana fundisho la Utatu na kubatiza kwa jina la Yesu peke yake. Wote walisoma Biblia ileile. Mwaka 1916 mkutano ukapitisha Tamko la Kweli za Msingi, na wahudumu zaidi ya 100 wakaondoka. Kanisa lililokataa ungamo lilikuwa limelipata baada ya miaka miwili.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na jaribio lake. Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana katika kituo cha Kanisa la Scotland, Kikuyu. Walipendekeza shirikisho ambalo msingi wake ungekuwa Biblia pamoja na Imani ya Mitume na ya Nikea. Kwa mpango huo, Makala 39 za Kianglikana na Ungamo la Westminster visingekuwa ukuta kati ya Wakristo Waafrika. Mkutano ulifungwa kwa Meza ya Bwana iliyoongozwa na Askofu wa Mombasa ndani ya kanisa la Kipresbiteri. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia, aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai wameingia katika uzushi. Shirikisho kamili halikupatikana. Uliopatikana, mwaka 1918, ni muungano wa vyama vya misioni, na matunda yake yanayojulikana zaidi ni shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926.

Maungamo ya karne ya 20

Karne ya 20 ilionyesha kwamba kazi ya kuungama haikuishia kwenye vitabu vya zamani. Mei 1934 Walutheri, Wareformati na makanisa ya muungano walikutana Barmen, Ujerumani, kuwapinga Wakristo walioutaka utawala wa Hitler uliongoze kanisa. Tamko lao lenye vifungu sita, ambalo mwandishi wake mkuu alikuwa Karl Barth, lilifuata mpangilio mmoja: andiko la Biblia, kisha kinachokiriwa, kisha kinachokataliwa. Huko Indonesia, kanisa la Wabatak lilipotaka kuingia katika Shirikisho la Walutheri Duniani lilitunga ungamo lake mwaka 1951, linalojibu maswali ya jamii yake. Shirikisho likalipokea.

Mwaka 1977 shirikisho hilohilo lilifanya mkutano wake mkuu wa sita Dar es Salaam, likamchagua Josiah Kibira, Askofu wa Bukoba, kuwa rais wake wa kwanza kutoka Afrika. Hapo ndipo maungamo yalipogeuzwa kipimo cha matendo. Wajumbe walitamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika umekuwa suala la kuungama imani: makanisa ya wazungu yaliyotia sahihi Ungamo la Augsburg na huku yakiwatenga Walutheri weusi yalikuwa yanalikana ungamo lao wenyewe, na yalipaswa kuukataa mfumo huo hadharani. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya wazungu ambayo hayakufanya hivyo yalisimamishwa uanachama.

Wareformati wa Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Reformati la Kidachi huko Cape iliruhusu wazungu na weusi kutenganishwa katika ibada, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu. Ruhusa hiyo ikazaa kanisa la pekee kwa ajili ya machotara mwaka 1881. Karne moja baadaye ni kanisa hilo lililotengwa ndilo lililokutana Belhar, karibu na Cape Town, likaandika ungamo jipya juu ya umoja, upatanisho na haki. Liliandikwa mwaka 1982 na kupitishwa mwaka 1986. Halikufuta lolote kati ya yale matatu ya Uholanzi. Liliongezwa kando yake.

Mwaka 1994 kanisa hilo na sehemu kubwa ya kanisa la Wareformati weusi ziliunda Kanisa la Muungano la Reformati la Kusini mwa Afrika, na Ungamo la Belhar likiwa miongoni mwa misingi yake. Mazungumzo na kanisa mama la wazungu yamefanyika kwa miaka mingi. Hakuna kikao kinachotetea tena uamuzi wa mwaka 1857. Hata hivyo makanisa hayo hayajaungana, na kikwazo kimojawapo kinachojulikana ni sahihi inayosubiriwa chini ya waraka wa Belhar, wenye vifungu vitano.